Bibi wa Kitanda cha Saba Ajibu Vizuri Mno

Jini mjinga huhangaika na magofu. Jini mwenye akili hutafuta wodi ya wazee yenye muuguzi mvivu, na kwa uvivu, muuguzi wa wodi hii, aliyepachikwa jina la Tiki, hakuwa na mpinzani. Kipimo chenyewe cha kujua kama akili ya mzee imevurugika hakimalizi dakika nne: muulize umri, yuko wapi, mwaka gani, ataje miezi kinyumenyume, kisha muulize ndugu yake kama mgonjwa amebadilika ghafla. Swali la ndugu Tiki hakuliuliza hata siku moja. Ndugu, kwake, walikuwa watu wa kuleta chupa za chai na kelele. Aliweka tiki, akaenda zake.

Asubuhi ile bibi wa kitanda cha saba, fundi cherehani mstaafu, alinuka nywele zilizoungua. Binti yake alimnusa mara mbili, akamfuata Tiki mezani.

"Kaka, yule si mama."

"Kwani una mama wawili?"

"Jana alikuwa anapapasa shuka, ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Leo amenyooka kama msumari. Hajapepesa macho tangu nifike."

"Mgonjwa akiumwa mnalia, akipona mnalia. Nyinyi hamna jema."

Akajikokota hadi kitandani, kifua mbele kama profesa.

"Bibi, una miaka mingapi?"

"Themanini na miwili."

"Haya, taja miezi kinyumenyume."

Bibi akaanza na Desemba, akateremka bila kuvuta pumzi, midomo ikibaki nyuma ya sauti, na kadiri alivyoteremka harufu ile ikazidi kupanda, pazia likavutwa kuelekea kitandani ilhali dirisha limefungwa, na wazee wa vitanda vingine, mmoja baada ya mwingine, wakageukia ukutani taratibu kama watu waliokubaliana kutoona, mpaka alipofika Januari.

"Kumi kwa kumi," alisema Tiki. "Hata mimi nisingeweza."

Hapo hakudanganya.

"Mimi hujaniuliza," binti alinong'ona. "Fomu inasema ndugu aulizwe."

"Nimekuona. Inatosha."

Saa sita mchana ruhusa ikasainiwa. Bibi akashuka kitandani mwenyewe, akatembea hadi kwenye teksi bila kushikwa, akaketi mbele, akafunga mkanda. Binti akarudi wodini kuchukua kandambili.

Alimkuta Tiki anagombana na shuka safi. Kila alipoinyoosha, iliinuka tena katikati, umbo la mtu mdogo aliyejikunja. Mto ulikuwa umebonyea.

"Mwanangu," ilisema sauti kavu, yenye uchovu, kutoka kwenye mto. "Leo siku gani? Tangu jana nawaita, mnanipita tu."

Tiki, profesa wetu, akaingia chini ya kitanda cha nane kwa magoti na viganja, akabaki huko, na mahali palimfaa.

Binti akaketi ukingoni. Akapapasa chini ya shuka, akaukuta mkono, kidole gumba kigumu kwa sugu za sindano.

"Alhamisi, mama. Nipo hapa."

Nje teksi ikapiga honi mara moja, halafu ikaondoka na mwili wa mama.