Fomu za Mkono Mmoja

Basi lilikwisha kuwashwa. Fundi chokaa alikuwa ameketi dirishani, ndoo ya miiko yake katikati ya miguu, karani alipotokea mbio, gauni la bluu limemganda mwilini kwa mvua, viatu mkononi.

"Shuka nikwambie!"

"Sema hukohuko."

Walijuana mwaka uliopita, kwenye foleni ya manispaa. Mnara wa ghorofa thelathini ulitaka kujengwa ubavuni mwa mahakama ya zamani, na kila mkazi aliitwa aseme lake. Karani ndiye aliyepokea fomu za maoni. Fundi, aliyezitunza kuta za mahakama ile miaka kumi na moja, alileta yake imejaa mpaka pembezoni.

"Kaka, hii fomu, si barua."

"Basi nipe anwani nikuandikie barua."

Akaandika kweli. Kila siku kikaratasi, kwa mwandiko wake uliolala kama nyasi zilizokanyagwa. Wakachumbiana. Mchana wakapigiana simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula vumbi. Wewe?"

"Nimekula maneno ya watu. Mmoja anautaka mnara, mwanawe apate kazi. Mwingine anasema utamzibia jua, nguo zake zitaoza kambani."

Siku ya mwisho ya maoni, fundi aliacha mapokezi mfuko wa fomu mia mbili na sita, zote zina alama za dole gumba. Karani akaufungua, moyo ukampasuka: mwandiko ulikuwa mmoja, na aliujua kuliko wake mwenyewe. Akaona mchumba wake amemfanya mjinga. Hakusoma hata moja. Akaandika juu ya mfuko: *Za kughushi.*

Jioni simu ikalia.

"Umenitangaza mwongo bila kuniuliza?"

"Niulize nini? Mkono ni wako!"

"Wenyewe hawajui kuandika. Wamesema, nimeandika. Ungesoma tu, mama."

"Usiniite mama."

Karani akakata simu.

Kibali kikatoka. Shimo la msingi likachimbwa, ukuta wa mahakama ukapasuka toka dari hadi sakafu, jengo likafungwa, na kazi ya fundi ikaishia hapo.

Asubuhi hiyo ya mvua, shangazi yake karani, aliyemlea na kufagia mahakama ile maisha yake yote, aliuliza akichochea chai: "Hivi yangu mliisoma? Nilimwambia fundi aandike kwamba ulijifunza kutembea kwenye zile ngazi. Maskini, leo anahama na basi la saa nne."

Karani alikwenda stoo ya ofisi, akazisoma zote akiwa amesimama. Tisa zilikuwa za watu wanaoutaka mnara. Fundi alikuwa ameziandika nazo, neno kwa neno.

"Nimezisoma," alisema sasa chini ya dirisha. "Hata zile tisa."

"Walisema hivyo. Ningefanyaje?"

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe, mpenzi. Ila siwezi kuishi na mtu nikingoja siku atakayonikagua tena."

"Sitakukagua."

"Utajizuia. Nami nitakuona unavyojizuia."

Dereva akapiga honi, basi likaondoka.

Mnara ulikamilika baada ya miaka minne. Mahakama ilibomolewa kabla ya hapo. Shangazi akapofuka, kisha akafa usingizini. Karani alihamishiwa idara ya masoko, akaolewa na mpima ardhi, wakapata binti mmoja. Fundi alioa mjane mwenye watoto wawili katika mji mwingine, akafa kwa maradhi ya mapafu. Karani alipata habari miezi miwili baada ya mazishi.