Kicheko Kilichotoka Nyumbani

Ndugu zangu wa Beni na Butembo, mimi Mwalimu Mathe nataka kuwaeleza mambo yaliyowapata jirani zangu wawili, Mukendi na bibi yake Katungu. Nawaeleza kwa sababu mimi pia nina sehemu yangu katika kosa lile, na mtaiona mbele.

Ilikuwa mwaka 1965. Mukendi alikuwa mtu wa Kasai, ametumwa Beni kufanya kazi ya karani katika biro ya serikali. Alikuwa mrefu, mpole, wa kusema kidogo. Katungu alikuwa binti wa Butembo, mfupi, na mdomo wake haukujua kupumzika. Yeye hakusikia lugha ya Kasai, na bwana wake alijua Kinande chake cha salamu na cha chakula tu. Basi waliishi kwa Kiswahili, na walielewana kuliko wengi wetu tuliooana ndani ya kabila moja.

Kila siku ya posho, yaani Jumamosi, jioni, kazi ya juma ikiisha, Mukendi alivua viatu, na Katungu akaleta kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi ambayo mama yake aliwatumia kutoka Butembo. Walikaa barazani, kila mmoja na mrija wake, kibuyu kimoja katikati. Wakiisha kunywa kidogo, Katungu alianza michezo yake. Aliiga padri aliyepoteza karatasi ya mahubiri. Aliiga mwenye duka akipima chumvi. Aliniiga hata mimi, nikitafuta miwani huku nimeivaa. Mukendi alicheka mpaka machozi, na sisi majirani tukisikia tulifurahi pia, maana siku zile mambo ya kuchekesha yalikuwa machache. Waasi walikuwa wamefukuzwa mjini, lakini walikuwa bado msituni, na kila mara watu walisema wanarudi.

Siku moja habari ilienea kwamba waasi wamekwisha fika Oicha, jirani na Beni. Watu walikimbilia kwenye mashamba ya ndizi. Wengine wakamwona Komanda Paulin, mkubwa wa askari, akitoka nyumbani kwake mbio, godoro kichwani. Akalitupa ndani ya kamyo ya jeshi na kushika njia ya Butembo. Habari ile ilikuwa ya uongo. Kesho yake komanda alirudi kazini, na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Siku ya posho iliyofuata, Katungu aliweka mto kichwani, akapita barazani kwa hatua za askari, mkono mmoja ukishika mto, mwingine ukipiga saluti. Mukendi alianguka kutoka kitini. Akamwomba arudilie, naye akarudilia mara tatu.

“Katungu,” akasema akijipangusa macho, “siku nitakufa, nitakufa juu ya kucheka.”

“Basi nitakuzika na kibuyu yako,” bibi yake akamjibu, akaketi karibu naye.

Kama mambo yangebaki pale barazani, leo nisingekuwa na la kueleza.

Siku tatu baadaye, kazi ilipokwisha, mwenzetu Zorobabel alituita kwenye baa kufurahia mtoto wake aliyezaliwa. Mukendi alizoea kunywa chupa moja na kwenda zake. Siku ile alifikisha ya tatu. Yule mtu wa maneno machache akatamani, mara moja tu, kuwa yeye anayechekesha wengine. Akavua koti, akaliweka kichwani, akatembea katikati ya meza akipiga saluti, kisha akatuambia kwa majivuno kwamba ni bibi yake aliyeuvumbua mchezo ule. Tulikuwa watu sita. Mimi nilicheka kuliko wote, nikafika nyumbani na kumsimulia mke wangu. Mdomo gani ulipeleka maneno yale kambini, sijui. Labda ni wangu.

Siku mbili baada ya ile ya baa, asubuhi, askari wanne walifika kwa Mukendi. Walimtaka mwanamke anayemwiga komanda kama mwoga. Hilo halikuwa neno dogo: askari akiitwa mwoga wakati wa vita, anaweza kupoteza kazi, hata maisha. Katungu alitoka jikoni na mikono yenye unga. Mukendi akasimama mbele yake.

“Ile mambo ni ya mimi,” akasema. “Mimi njo nilicheza, mbele ya batu. Bibi yangu hapana kujua kitu.”

Katungu alifungua mdomo, lakini bwana wake alimtazama kwa namna ambayo, kwa mara ya kwanza, ilimnyamazisha. Wakampiga Mukendi kofi la sikio pale pale uani, wakamchukua.

Alikaa kachoni, jela ya kambi, siku tano. Katungu alipeleka chakula, askari wakakila. Sisi tuliocheka kwenye baa hatukukanyaga kwake. Mimi nilipomwona anakuja, nilivuka ng'ambo ya barabara.

Siku ya sita Katungu alikwenda peke yake nyumbani kwa komanda. Alimkuta bibi ya komanda, Mama Jeannine, akinyonyesha mtoto mchanga. Katungu alipiga magoti, akaeleza yote: kasiksi, mto, saluti, na kwamba bwana wake amejitwika kosa lisilo lake. Jeannine alimtoa mtoto titini, akamlaza.

“Mama,” akasema, “ile godoro ilikuwa ya kunilalisha mimi. Nilikuwa nimezaa ile asubui, damu ikakatala kusimama. Nilikuwa tayari ndani ya kamyo, juu ya mbao. Bwana yangu alinifikisha kwa masista Butembo, akarudia kazi yake.”

Katungu alikosa pa kuweka macho. “Sikujua,” akasema.

“Hapana mutu aliuliza,” Jeannine akajibu.

Katungu alilia. Aliomba msamaha kwa kucheka kwake, akasahau kabisa kumwombea bwana wake. Ni Jeannine aliyekumbuka. Alizungumza na komanda, na jioni ile Mukendi alirudi nyumbani kwa miguu yake. Lakini sikio la kushoto halikusikia tena mpaka leo.

Nilikwenda kuwaomba msamaha. Mukendi alinipa kiti, akaniuliza habari za watoto wangu. Aibu niliyoipata ilikuwa kubwa kuliko kama angenitukana.

Bado wanakaa barazani siku ya posho. Katungu huketi upande wa kulia, akisogeza mdomo karibu na sikio lililo zima. Anasema polepole, na sisi majirani tunasikia tu Mukendi akicheka. Anachoambiwa hatukijui, wala hatuulizi.

Mafunzo

Ninyi mliooana, kunyweni kidogo na kucheka nyumbani kwenu, Mungu hakukataza. Lakini neno ambalo mwenzako amekupa kwa mapendo, usilipeleke mezani ili watu wakusifu. Pombe inayofurahisha watu wawili barazani ndiyo ile ile inayofungua mdomo mbele ya watu sita. Nanyi mnaosikia mambo ya nyumba ya mwingine, yaishie masikioni mwenu. Na mkimwona mtu anakimbia, kabla ya kumcheka, ulizeni kwanza nani ni mgonjwa.