Gari la Masunga Halishiki Gesi

Nilifika Nkoma jua likikaribia kuzama, na muda huo niliuchagua mwenyewe. Tochi yangu ya zambarau inataka giza. Siku mbili nyuma nilikuwa nimejaza gesi kwenye AC ya gari la mama mmoja mjane, Esteria, nikaichanganya na rangi ya kutafutia tundu. Nikamwambia aliendeshe, kisha aliegeshe uani anisubiri. Mahali panapovuja, rangi hutoka pamoja na gesi, na ukipamulika kwa tochi ile panawaka kijani. Ni kazi ya kawaida. Mimi Violeth nimeifanya Bariadi miaka tisa, na mafundi wanaume wameshachoka kunicheka.

Wawili kati yao walishalijaza gari lile gesi kabla yangu. Kila mara, siku tatu, imeisha.

Mbele ya nyumba nilimkuta mama mkwe wa Esteria, bibi Shida, anapeta choroko.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia.

"Mwadila, ng'wanone." Hakuinua macho. "Umekuja kutafuta tundu?"

"Ndiyo, mayu."

"Hakuna tundu. Gesi haivuji. Kuna mtu anaivuta."

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

Esteria alinivuta hadi nyuma ya nyumba, lilipokuwa gari, akaanza kuninong'oneza. Mumewe, Masunga, mnunuzi wa pamba, alifia ndani ya gari hilo mwezi wa tatu, akikimbizwa hospitali Bariadi. Bibi Shida hakubali kwamba ni maradhi. Jumamosi angekuja mfumu kulipigia gari ramli.

"Akishapiga ramli atataja jina," alisema. "Wewe ni mtu wa huku, fundi. Unajua litakuwa la nani."

Nilijua: lake mwenyewe, mjane. Kwetu Mwamapalala, nikiwa mdogo, alitajwa shangazi yangu kuwa mchawi. Hakumaliza wiki.

"Nitafutie tundu," akasema. "Liwe la kuonekana kwa macho."

Nikafungua boneti, nikaunga geji zangu za kupimia gesi. Injini ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, ya baridi kabisa. Gari likiwa limezimwa, mshale wa geji husimama mahali pamoja. Gesi iwe nyingi, iwe kidogo, mshale hutulia.

Huu ukashuka.

Taratibu. Kisha ukapanda. Ukashuka tena... ukapanda...

Nikagonga kioo cha geji kwa kucha. Nikakaza maungio. Nikabadilisha mipira. Mshale ukaendelea vilevile, kama kifua cha mtu aliyelala. Nilisimama nikiutazama, sijui kwa muda gani, hadi nikagundua kitu.

Nilikuwa napumua pamoja nao.

Nikang'oa geji.

Giza lilikuwa limeanza kushika. Nikawasha tochi. Nikamulika mabomba, hakuna kitu. Kompresa, kavu. Kondensa ya mbele, safi. Ilibaki evapareta, lile sega la bati linalotengeneza baridi, lililofichwa nyuma ya dashibodi. Ili kuifikia ilibidi niingie ndani ya gari, upande wa abiria.

Nikafungua mlango.

Baridi ikanipiga usoni.

Siyo ubaridi wa jioni. Simiyu mwezi wa kumi haina jioni ya namna hiyo. Ilikuwa inatoka kwenye matundu ya dashibodi, na feni haizunguki, na ufunguo uko mfukoni mwa Esteria. Ilikuja na harufu ya dawa ya kuchua na jasho la mgonjwa. Ikakoma. Ikaja tena.

"Unaisikia?" Esteria aliuliza nyuma yangu.

Tochi yangu ilikuwa imepita kwenye kioo cha mlango, na kioo kilikuwa kinawaka kijani.

Kiganja.

Kiganja kikubwa cha mwanamume, vidole vitano vimetanuka, kwa ndani. Chini yake michirizi mitano, jinsi mkono unavyoteleza ukiishiwa nguvu. Rangi ile inazunguka ndani ya mabomba tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa glavu, na mkono wangu ungeingia mara mbili ndani ya ule.

Esteria akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

"Aliniomba hewa," akasema. Sauti ilikuwa ndogo mno. "Joto lilikuwa kali. Akasema, mama, washa, nakosa pumzi. Mafuta yalikuwa yamebaki kidogo, fundi. Nikazima AC ili tufike. Alikuwa anakipiga kioo... nikamwambia vumilia. Nikamwambia vumilia, tumekaribia. Alipoacha kupiga, nikadhani amelala."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani, nikabaki hai?"

Kutoka upande wa mbele wa nyumba nikasikia kandambili zikiburuzwa. Shwaa... shwaa... Bibi Shida alikuwa anakuja.

Sikufikiri. Nikachukua kitambaa changu cha kazi, nikafuta kioo. Kilikuwa baridi hadi kikauma vidole. Kisha nikamwambia Esteria kwa kunong'ona, "Ingia ukae. Muombe radhi sasa hivi."

Akaingia kwenye kiti kile cha abiria. Akaufunga mlango.

Nilimzuia bibi kwenye kona ya nyumba kwa maneno mengi ya kifundi, hata mengine siyakumbuki. Esteria alipotoka, uso wake ulikuwa umelowa na nywele za mbele zimemlalia kama mtu aliyetembea kwenye umande. Nami nilipoingia, joto la kawaida la jioni lilikuwa limerudi.

Nikaivuta gesi iliyobaki, nikaiingiza kwenye mtungi wangu, nikafungua dashibodi, nikaichomoa evapareta. Nikaimulika mbele ya bibi. Kwenye kona ya chini palikuwa na doa la kijani, dogo kama punje ya mtama, na bati lake limeliwa na kutu.

"Tazama, mayu. Tundu hili hapa."

Akainama. Akaligusa kwa ukucha. Akalitazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama Esteria, na mabega yake yakashuka.

"Basi ni tundu," akasema. "Mfumu asije."

Wiki iliyofuata niliweka evapareta nyingine. Ni miezi mingi sasa, na gesi haijapungua.

Ile ya zamani nilirudi nayo Bariadi. Nilitaka tu kuridhika. Nikaziba upande mmoja, nikaijaza upepo wa kompresa, nikaizamisha kwenye beseni la maji. Tundu lolote, hata la ncha ya sindano, hutoa mapovu.

Nikangoja.

Nikaongeza upepo. Nikaigeuza. Nikalisugua lile doa kwa brashi ya waya, nikazamisha tena, nikangoja hadi maji yakatulia kabisa.

Hakuna povu hata moja.

Esteria sijamwambia. Bibi Shida tulikutana mnadani juzi. Alinishika mikono yote miwili, akanishukuru kwamba nilimwonyesha tundu, la sivyo, alisema, angekuja kumwaga damu isiyo na hatia.

Niliitikia, "Ndiyo, mayu." Nikaondoka haraka. Hadi leo sijui nilimwonyesha nini.