Maini Hayawezi Tena

Dirisha la famasia ya hospitali lilikuwa limejaa watu, na daktari wa chumba cha mahututi aliwapita wote kwa "samahani, samahani" mpaka mbele. Alivaa sare ya bluu, viatu vya njano na kilemba chekundu, na mfamasia aliviona vyote hivyo kabla ya kuiona karatasi ya dawa.

"Fangasi wa mapafu?" aliuliza. "Dozi ya kuanzia mbona ndogo hivi?"

"Mgonjwa wangu ni mzee, naogopa maini yake."

"Mgonjwa amejaa maji ya dripu mwili mzima, dawa itapotelea humo. Anza na kubwa, Dokta. Kisha tutampima damu, tushushe taratibu."

"Na ukikosea?"

"Uje unigombeze. Nitafurahi."

Alikuja kweli, ila si kugomba. Homa ya mzee ilishuka, akaja kushukuru. Kesho yake akaja kuuliza swali ambalo jibu lake alilijua. Wapenzi kwa visingizio, jamani! Punde daktari akawa anamwita mfamasia Bwana Dozi, mfamasia akawa anamwita laazizi, na wauguzi wakawa wanakohoa kila simu ya famasia ilipolia.

Asubuhi moja daktari alijikaza akamwandikia: "Mama anataka kukuona Jumapili. Utakuja kama nani? Mimi nimechoka kusema rafiki."

Wakati huohuo mfamasia alikuwa na majibu ya damu ya mzee mkononi. Dawa ilikuwa imezidi mwilini na ini limeanza kuumia. Hakusoma ujumbe wowote, aliandika mbiombio, akatuma: "Tuiache hii. Maini hayawezi tena."

Daktari alisoma mara mbili. Kumbe mtu anaweza kukukata maini kwa kuyataja maini yenyewe! Akazima simu, akajifungia stoo ya mashuka, akalia kwa hasira.

Alipotoka, alikutana na mfamasia anahema, amepanda ngazi mbio, koti jeupe limekaa upande.

"Mbona umezima simu? Dozi ya mchana inakaribia!"

"Si umesema tuache? Tumeacha. Shuka ngazi, nenda zako."

"Tumeacha wapi, na chupa ile imetundikwa?"

"Chupa gani?"

"Ya mzee! Dawa ya fangasi! Tuiache, tumpe ile isiyochosha maini!"

Daktari alimkodolea macho. Akakimbilia kitandani kwa mzee, akaitungua chupa, akaandika dawa nyingine, akanawa mikono. Kazi kwanza. Ndipo akacheka mpaka akashika ukuta.

"Hebu soma nilichokuuliza, Bwana Dozi."

Mfamasia akasoma. Jasho likamtoka. "Mungu wangu! Ndiyo maana macho mekundu?"

"Ni vumbi la mashuka."

Mfamasia akamshika mkono mbele ya wauguzi wote. "Sikiliza, kipenzi. Dozi ya kuanzia niliipata siku ile dirishani, tena kubwa, imenienea mwili mzima. Sasa nataka ile ya kila siku."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka daktari aseme basi."

"Daktari hasemi basi," alijibu. "Na Jumapili unakuja kama nani?"

"Kama mkwe, mama akinipokea."

Kitandani mzee, aliyetolewa mpira wa kupumulia jana yake, alikohoa kidogo.

"Na mimi nialikwe harusini," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Maini ni yangu."