Mistari Kumi na Miwili Iliyobaki

Nitakwambia jambo, na najua utasema naongeza chumvi. Mwaka 1986, msichana mmoja wa Malindi alitumiwa picha kwa simu. Si barua, si maneno matamu. Picha! Kwa simu ile ya waya, ya "halo, halo, wanisikia?" Tulia nikupe yote.

Jina lake Jedida, karani wa hoteli ndogo ya ufukweni Malindi. Kwao Machakos, na pwani nzima hakuwa na ndugu hata wa kusingizia. Siku moja alikuwa kivukoni Kilifi akingoja feri, kavaa gauni la manjano lililomwagika chini na viatu vyeupe. Malori yananguruma, wauza korosho wanasukumana, mara mvua ikashuka bila hodi. Kila mtu akakimbilia kibanda. Jedida hakukimbia. Alikumbatia daftari lake kifuani akainama juu yake kama kuku juu ya mayai.

"Jitande, mwanangu, utashikwa na homa!" Mama mmoja wa korosho akamrushia leso. Jedida akajitanda kichwa na mabega.

"Dada, hilo daftari lina hirizi?"

Aligeuka. Kijana mrefu, kanzu fupi nyeupe, kofia ya kutarizi, penseli tatu mfukoni.

"Lina picha."

"Hebu nione."

Akalifunua chini ya leso. Ndani ilikuwa miraba mitupu, mingine imepakwa nyeusi.

"Hili ni birika?"

"Ni kuku!"

"Kuku wa wapi ana mkono wa kushikia?"

Jedida alitaka kukasirika. Kicheko kikamtoka kwanza. Ndipo walipopanda feri pamoja, na kabla ya kufika ng'ambo alikuwa amemweleza yote. Tajiri wake, Mtaliano, alileta kompyuta ndogo kutoka kwao ili ipige hesabu za hoteli. Ikamshinda, akaiacha ofisini imeunganishwa na televisheni kuukuu. Jedida alisoma kijitabu chake peke yake mpaka akajua kuwasha miraba kwenye kioo, arobaini kwa upana, mistari ishirini na minne kwenda chini. Lakini waya wa kuhifadhia kazi kwenye kaseti ulipotea safarini. Umeme ukikatika, picha ya siku tatu imekwenda. Kilichobaki ni alama za daftarini tu.

"Sasa wajisumbua nini?" kijana akauliza.

Jedida alitazama maji. "Nikiacha, nikirudi chumbani hakuna kinachoningoja."

Kijana aliitwa Nasor. Nyumba yao Malindi mjini, baba ana duka, yeye anachora ramani ofisini Kilifi. Hakumcheka tena. Alisema, "Kila siku saa kumi za alasiri nitakupigia. Nitakuuliza, leo wachora nini? Ukisema hujachora, nakata."

Na akapiga!

"Kilifi iko kwenye laini, dada," opereta alikuwa akisema kwa sauti yake ya puani. "Dakika tatu."

"Bibie, leo wachora nini?"

"Mnazi."

"Au fagio?"

"Nasor! Nitakata mimi."

"Usikate, roho yangu. Fagio nalo lina mwenyewe."

Siku nyingine hapakuwa na mzaha. "Nimechoka," Jedida alisema. "Tajiri ana gazeti la kwao. Watu wanachora farasi kwa kompyuta, unaona kabisa anakimbia. Mimi miezi mitano, mabirika tu. Na jana umeme umenimezea kila kitu."

"Usichore picha basi. Chora mistari miwili. Miwili tu. Kesho miwili. Farasi wa watu waache wakimbie."

Jedida akachora miwili. Na kesho yake miwili.

Kisha Nasor akaja na jipya. "Wiki hii nachora mie. Nimeipanga kwenye karatasi yangu ya ramani. Nakusomea, wewe andika. Mstari wa kwanza: zima kumi na sita, washa saba, zima iliyobaki."

Mistari miwili kila siku, na katikati utani. Siku ya sita Jedida alikuwa na mistari kumi na miwili. Akaiingiza kwenye mashine, akarudi nyuma aone. Mwanamke. Kajitanda kichwa na mabega, uso umeinama. Nusu ya chini bado giza.

Sasa ona mambo yanavyokwenda. Asubuhi ya siku ya saba, Kitsao, mpishi wa hoteli, alirudi sokoni na habari. "Mwanangu Jedida, yule Nasor wako, dukani kwao wasema aozwa binamu yake. Tima. Harusi mfungo sita, mwezi wa maulidi."

Jedida alikitazama kile kioo. Mwanamke kavaa buibui. Kumbe ndivyo alivyochagua kumwambia?

Saa kumi simu ikalia.

"Bibie, mstari wa kumi na tatu. Zima kumi—"

"Nasor, huyu mwanamke ni nani?"

"Mbona haraka? Leo nakusomea yote, utaona."

"Ana jina?"

Nasor akacheka. Kicheko kile! Siku zote kilimpa joto, siku hiyo kilimkata. Aliulaza mkono wa simu juu ya meza, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za jikoni. Nyuma yake sauti ilibaki ikisomea meza, nyembamba kama mbu. Zima tisa. Washa kumi na nne. Ilisoma, ikasoma. Mwishowe ikaita, "Jedida?" Kisha tena, "Jedida?"

Aliporudi, laini ilikuwa imekufa.

Kesho yake alimwambia opereta, "Mwambie sipo." Na keshokutwa. Siku kumi na mbili. Ya kumi na tatu simu haikulia, na hapo ndipo Jedida alipolia.

Mashine ikafunikwa kitambaa. Kila saa kumi alikaa mbele yake, mikono mapajani, akisikia watalii wakicheka kwenye bwawa. Jumapili kanisani alisalimiwa na watu mia, akarudi chumbani na salamu hizo, hana pa kuziweka. Mwezi wa nne tangu hapo akakiondoa kitambaa. Hakuna aliyemuuliza. Mistari miwili tu. Kesho miwili. Ilipokamilika ilikuwa kiti. Kiti kitupu, lakini kiti hasa, hata Kitsao alikitambua akiwa mlangoni.

Alikuwa akikitazama siku alipoingia mama mfupi mwenye miwani na gauni la maua.

"Wewe ndiye Jedida? Nilidhani u mnene. Sauti hudanganya."

Ile sauti ya puani!

"Mimi Priscilla, opereta wa ekschenji. Usinipigie kelele, dada. Najua si halali kusikiliza maneno ya watu. Lakini nyinyi na miraba yenu! Nilianza kuandika tangu mstari wa kwanza, nikashindwa kuacha. Siku ile sikumkata. Alisoma mpaka mwisho." Akatoa karatasi. "Niliogopa kazi yangu. Jumatatu nahamishiwa Voi, na kwenda nayo siwezi."

Jedida aliipokea karatasi. Aliingiza mistari yote mashinani, mmoja mmoja, Priscilla amesimama nyuma yake.

Chini ya mtandio kukatokea mikono miwili inakumbatia daftari. Gauni lililomwagika. Viatu vidogo. Pembeni, vitone vitone vya mvua. Si buibui. Leso ya mama wa korosho! Na miguuni, kwenye mistari mitatu ya mwisho, kuku. Ana mkono wa kushikia, kama birika.

"Tima ameolewa Lamu," Priscilla alisema polepole. "Na mtu mwingine. Nasor alimkataa. Mwezi uliopita kaenda Maskati kufanya kazi. Mama yake humpigia kila Ijumaa, ndivyo nilivyoyajua yote, na namba ninayo. Kesho zamu yangu ya mwisho. Saa kumi?"

Saa kumi Jedida alishika mkono wa simu kwa mikono miwili. Mlio wa mbali, kelele za bahari nzima, kisha Priscilla: "Maskati, dada. Dakika tatu, na safari hii sina ruhusa ya kuongeza."

"Halo?" Sauti yake. Imechoka. "Nani?"

Dakika tatu! Aeleze habari za Kitsao? Aombe msamaha? Aulize kama bado? Sekunde zinakwenda. Akavuta daftari, akafungua ukurasa wa kile kiti.

"Mstari wa kwanza," alisema. "Zima kumi na tano. Washa miwili."

Akafumba macho.

Kisha, kutoka huko mbali, droo ikafunguliwa, na penseli ikaanza kukwaruza karatasi.

"Washa mingapi, bibie?"

Mistari ishirini na minne haiingii kwenye dakika tatu, alijua. Alifika wa kumi na mmoja, laini ikakatika. Maneno "nisamehe" hayakutoka kabisa, na Nasor kabaki na nusu ya kiti, hajui kama ni kitupu au kinamngoja yeye. Haya niambie wewe unayesoma: ungekuwa Jedida, na dakika ni tatu tu, ungezitumia vipi?