Nishike Mguu

— Umekuja kunicheka?

— Nimekuja kwa sababu umenipigia, Baba Liz.

Maroa alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, nje ya chumba cha MRI, mashine ya bomba inayopiga picha za ndani ya mwili, katika hospitali moja ya binafsi mjini Migori. Mara ya mwisho mkewe, Trizah, kumwona, alikuwa bado anatembea kwa fimbo.

Siku hiyo daktari alikuwa amesema wazi: uvimbe kwenye uti wa mgongo ukitolewa mapema, miguu itapona. Kwanza ipatikane picha. Mhudumu akauliza, "Unaogopa kufungiwa?" Maroa akasema hapana. Trizah akasema ukweli: anaogopa, tangu utotoni alipofungiwa ndani ya kibanda cha kukaushia tumbaku.

Kosa la Trizah ni kwamba alisema hayo mbele ya Gisiri. Gisiri na Maroa walitahiriwa asubuhi moja kule Kehancha, na hakuna aliyepepesa jicho.

— Kumbe kisu hukuogopa, unaogopa bomba? Gisiri alicheka.

Maroa akaondoka bila kupigwa picha. Jioni Trizah akapokea ujumbe: "Rudi kwenu Mfangano. Vitu vyako vitakufuata."

Miezi ikapita. Kisha ile simu.

— Gisiri yuko wapi? Trizah aliuliza sasa.

— Nimemkataza kuja.

Mlango ulifunguka. Mhudumu wa leo aliitwa Monicah.

— Kuna kitu nijue kabla hatujaanza?

Safari hii Trizah alimwachia mumewe ajibu. Maroa akatazama sakafu.

— Naogopa kufungiwa, dada.

— Ni hilo tu? Wengi wanaogopa. Tutakufunika macho usione ukuta ulivyo karibu. Huu mpira ukae mkononi; ukiubana nakutoa mara moja. Mashine itagonga kwa nguvu, lakini hakuna kinachoharibika. Mama, vua bangili na hereni, acha simu nje, uingie naye.

Kitanda kilianza kuteleza.

— Trizah! Nishike mguu. Nikijua uko, nitavumilia.

— Nimeshika.

Mashine ikagonga kama mtu anayevunja mabati. Trizah alishika kifundo cha mguu kwa mikono miwili. Aliona vidole vya Maroa vikiwa juu ya mpira. Havikubana.

Alipotolewa, kitambaa cha macho kilikuwa kimelowa machozi.

— Hukunishika, alisema.

— Nini?

— Nilikungoja. Nikasema, sawa, hata kama bado ana hasira, wacha nimalize.

Nyuma ya kioo, Monicah alikuwa amechukua simu na kumwita daktari. Hakuwatazama.

— Nimekushika, Baba Liz. Hata sasa nimekushika.

Maroa akaondoa kitambaa, akainua kichwa. Aliuona mguu wake mikononi mwa mkewe.

— Bana.

Alibana.

— Bana zaidi.

Trizah alibana mpaka kucha zikazama kwenye ngozi. Maroa aliziangalia kucha zile kana kwamba zimezama kwenye mguu wa mtu mwingine, kisha akalaza kichwa.

— Usirudi Mfangano, alisema.