Sifuri Moja Iliyopungua

Kila alasiri, akishachota maji na kufagia uwanja, binti wa fundi cherehani aliketi barazani na madaftari yake. Alikuwa darasa la sita, na mwandiko wake ulikuwa mzuri mno, hata majirani wakambandika jina la Karani. Jina hilo lilimvimbisha kichwa kidogo.

Wiki ya kujiandikisha kwa fedha za ruzuku, ambazo serikali huwapa wakulima wanunue mbolea, baraza ilijaa watu waliomletea fomu zao awajazie. Wa mwisho kuja alikuwa mzee fundi baiskeli, mikono imejaa grisi. Alikuwa na shamba la ekari moja, na hakujua kusoma wala kuandika.

"Karani! Tunaanza bila wewe!" wenzake waliita kutoka uwanjani, kamba ya kuruka tayari mikononi.

Mzee alitaja namba ya kitambulisho chake polepole. Karani aliandika mbiombio, jicho moja kwenye fomu, jingine kwenye kamba.

"Hebu nisomee, mjukuu wangu, nisikie kama iko sawa."

"Nimeshahakiki, babu. Iko sawa," alijibu, naye hakuwa amehakiki chochote. Akachomoka mbio.

Wiki tatu baadaye, orodha ya waliokubaliwa ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kilimo. Karani, mzee akiwa kando yake, aliisoma juu hadi chini, mara mbili. Jina la mzee halikuwemo.

Bwana shamba alitafuta fomu, akailinganisha na daftari la namba za wakulima, akaikunjia uso. "Namba imepungua tarakimu moja, mzee. Hapa palitakiwa sifuri mbili, iko moja tu. Nani alikujazia?"

Karani alihisi damu ikimpanda usoni.

"Nilijaza mwenyewe," alisema mzee.

Watu kwenye foleni wakaangua kicheko. "Wewe? Umeanza shule lini?" mmoja akamtania. Mzee naye akacheka kidogo, akavaa kofia yake, akaondoka akikokota baiskeli. Karani alibaki ameinamia viatu vyake, akitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni hiyo Karani alisukuma sahani yake kando. Mama alisimamisha cherehani. "Unaumwa?"

Karani alilia, akaeleza yote. Mama hakumgombeza.

"Kesho tutakwenda," alisema. "Lakini mimi sitakusemea."

Asubuhi walimpitia mzee, wakaongozana hadi ofisini. Foleni ilikuwa ndefu kama ya jana. Karani alisimama mbele ya meza.

"Fomu ya babu niliijaza mimi," alisema. "Nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Aliniomba nimsomee, nikamdanganya kwamba nimehakiki."

Safari hii hakuna aliyecheka. Yule mtani wa jana aligeukia dirisha.

"Una bahati," alisema bwana shamba. "Tunapokea masahihisho hadi Ijumaa." Akampa fomu mpya. Karani aliijaza, kisha akasoma kila tarakimu kwa sauti, na mzee akaitikia kwa kichwa moja baada ya nyingine. Namba yake aliijua kwa moyo.

Nje, Karani aliuliza kwa sauti ndogo, "Babu, kwa nini ulisema umejaza wewe?"

"Mimi nimezoea kuchekwa," mzee alijibu. "Wewe bado mtoto."

Maneno hayo yalimuuma kuliko fimbo. "Nisamehe, babu."

"Nimekusamehe tangu jana."

Kabla mvua hazijaanza, fedha ziliingia, na mzee akapata mbolea yake kwa wakati. Siku aliyoipakia kwenye baiskeli, alisimama barazani.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kusahau sifuri si neno, hata bwana shamba husahau. Kosa lako lilikuwa kuniambia umehakiki. Nisiyejua kusoma nakuamini kwa kuwa sina njia nyingine ya kujua. Mtu wa namna hiyo usimdanganye hata kwa jambo dogo."